Daawa ya Mkama Ndume wa Pujini

Katika kisiwa cha Pemba, upande wa mashariki, mwendo wa kilomita 10 hivi kutoka mji wa Chake Chake, pana magofu yaitwayo Pujini, na katika magofu hayo alikaa mtu aliyekufa yapata miaka 500 iliyopita ambaye hata leo hukumu yake haijatolewa. Anaitwa Mkama Ndume. Wapemba wamemshitaki, wamemtetea, wamemlaani na wamemwogopa. Maafisa wa Kiingereza wamemtia katika vitabu vyao. Wachimbuaji wa mambo ya kale wamefukua ardhi ya makao yake kwa miko na brashi. Walakini kila kizazi kinachokaa barazani baada ya sala ya alasiri huifungua tena daawa yake tangu mwanzo, kwa hamasa ile ile ya waliotangulia, na mara nyingi kwa ushahidi ule ule.

Haifai kumzungumzia mtu huyu kama kwamba aliota peke yake katika kisiwa kitupu. Pemba, ambayo Waarabu waliiita al-Jazira al-Khadhra, yaani Kisiwa cha Kijani, ilikuwa na miji yenye enzi karne nyingi kabla ya kuzaliwa kwake. Yaqut al-Hamawi, mwanachuoni wa jiografia aliyefariki mwaka 1229, alitaja miji miwili ya kisiwa hiki, ambayo wataalamu huitambua kuwa Mtambwe na Mkumbuu, akasema kuwa kila mmoja una sultani wake asiyemtii mwenziwe. Huko Mtambwe Mkuu, mwaka 1984, iliibuka hazina ya zaidi ya sarafu 2,000 za fedha, vipande vidogo vyepesi vilivyopigwa majina ya masultani wa pwani hii. Na Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, aliwaeleza wafalme wa Pemba, Mafia na Unguja kuwa ni watu wa anasa, wavaao hariri na pamba nzuri zilizonunuliwa Mombasa kwa wafanyabiashara wa Kambaya. Basi Mkama Ndume alikuwa jabari mmoja katika nchi iliyozoea wafalme. Na jambo la kustaajabisha ni kwamba wale wengine wote, pamoja na hariri zao na sarafu zao, wamesahauliwa na raia, naye peke yake ndiye aliyebaki midomoni.

Amebaki kwa yapi? Kwa ubaya. Husimuliwa kwamba alipotaka kujenga boma lake la Pujini aliwalazimisha raia wake kubeba mawe makubwa hali ya kuwa wanasota kwa makalio, maana hakuridhika wafanye kazi tu, alitaka wafanye kazi katika sura ya udhalili. Husimuliwa kwamba alikuwa na wake wawili wasioweza kuonana bila ya kugombana, au ambao yeye hakutaka waonane, kwa hiyo akajenga kisima chenye ukuta katikati, mke mmoja akiteremka kwa ngazi upande wake kuchota maji, na mwenziwe akitumbukiza ndoo kwa kamba upande wa pili. Husimuliwa kwamba chini ya ardhi alikuwa na chumba chake cha siri alichokutana humo na wasioonekana. Na hilo jina lake, linaloeleweka kuwa mwenye kuwakama wanaume kama wakamwavyo ng'ombe, si jina ambalo mzazi humpa mtoto wake siku ya saba: ni lakabu iliyotungwa na waliokamwa. Wako wanaosema kwamba jina lake la haki lilikuwa Muhammad bin Abdulrahman. Lakini jina hilo limo katika maandiko zaidi kuliko katika vinywa, na ukienda Pujini ukaulizia kasri ya Muhammad bin Abdulrahman huenda ukaelekezwa kwa jirani mwenye duka.

Katika masimulizi yote haya, hakuna lililozaa hoja nyingi kama kile kisima. Hapo ndipo baraza huchangamka hata kahawa ikapoa. Mmoja atasema kwamba ukuta ule ni dalili ya udhalimu, kwa kuwa mtu huyu alitaka kutawala hata macho ya wakeze. Atajibiwa, “Taratibu, sheikh. Mume aliyegharimu mawe na chokaa ili wakeze wasitoane roho, huyo utamwitaje dhalimu? Sheria imetuamuru tufanye insafu baina ya wake. Kila mmoja kapewa maji yake, na maji ni yale yale.” Atazuka wa tatu, mwenye sauti ya chini na ncha kali, aulize: ikiwa ni insafu, mbona mmoja kapewa ngazi na mwingine kapewa kamba? Na nani basi aliyependelewa, yule anayeteremka kwa miguu yake mpaka kwenye maji, au yule anayesimama juu asichoke kwa kupanda na kushuka? Hapo baraza hugawanyika, na mgawanyiko huo sijapata kuuona ukipatanishwa. Mwanamke mtu mzima aliyekuwa akisikiliza kutoka ndani ya nyumba aliwahi kuukata mjadala wa namna hiyo kwa kusema kwamba mtu asiyeweza kuwapatanisha wanawake wawili ila kwa ukuta hakustahiki kutawala kisiwa. Kwa mizani yangu, hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote, ijapokuwa wanaume waliokuwepo walijifanya hawakuisikia.

Mtu anaweza kudhani kwamba haya ni mambo ya wazee wasio na shughuli. Lakini tazama vijana, wao ndio mabingwa wa mchezo huu, ila kwa wafalme wa nchi nyingine. George R. R. Martin wa Marekani alianza mwaka 1996 kutoa masimulizi marefu ya falme za kubuni, yenye majoka, usaliti na kugombania kiti cha enzi. Kitabu cha tano kilitoka mwaka 2011, cha sita kikawa cha kungojwa, na katika kungoja huko wasomaji wake duniani kote wameijaza nafasi iliyo tupu kwa dhana zao: fulani ni mwana wa nani hasa, mfalme fulani alikuwa mwendawazimu au alisingiziwa na waliompindua. Wako vijana wetu wanaokesha juu ya nasaba za watu hao, ambao hawakupata kuzaliwa, na asubuhi wakawacheka babu zao wanaobishana juu ya Mkama Ndume. Siwalaumu kwa kupenda majoka. Nasema tu kwamba kazi ni ile ile, na kwamba babu wamezidiwa kwa kitu kimoja na wamezidi kwa kingine: hawana kitabu cha kurejea, lakini wana kisima ambacho mtu anaweza kwenda akakichungulia.

Ukosefu huo wa kitabu si jambo dogo. Huko kaskazini ya pwani, Fumo Liyongo, shujaa wa masimulizi ya Waswahili, alipata bahati ambayo Mkama Ndume hakuipata. Edward Steere alichapa habari zake mwaka 1870, na Muhammad Kijuma wa Lamu akazitia katika utendi mnamo mwaka 1913. Tangu hapo, wanaobishana juu ya Liyongo, kama aliishi karne ya 13 au karibu na ya 17, kama alikuwa mfalme aliyenyimwa haki yake au mtu hodari aliyeshindwa kujizuia, hubishana juu ya maneno yaliyopangwa, wenye kushika ubeti na kuupinga. Hata kifo chake, cha kuchomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe mwenyewe, kimethibiti katika masimulizi kiasi kwamba hakuna awezaye kukibadilisha. Pemba haikukosa watu wa kutunga. Kisiwa kilichowatoa washairi Kamange na Sarahani katika karne ya 19 hakiwezi kushitakiwa kwa uchache wa ulimi. Walakini Mkama Ndume hakupata utendi mashuhuri wa kumfunga mahali pamoja, na kwa hiyo amebaki mtu wa kila msimulizi, kila mtaa na wa kwake.

Wakaja wageni wenye kalamu. Kapteni J. E. E. Craster, aliyeletwa kuipima ardhi ya kisiwa, alitoa kitabu chake juu ya Pemba mwaka 1913. Meja F. B. Pearce, aliyekuwa Rezidenti wa Kiingereza Zanzibar, alitoa chake mwaka 1920, chenye milango mizima juu ya magofu ya Pemba, na W. H. Ingrams akafuatia mwaka 1931. Watu hawa wanastahiki shukrani kwa kuyaandika yale waliyoyasikia na kuyachora yale waliyoyaona, maana mengine yamebomoka tangu siku zao. Lakini walikuja na dhana yao mfukoni, nayo ilikuwa dhana ya zama zao: kwamba ukuta wa mawe ukiuona katika pwani ya Afrika, umtafute aliyeujenga ng'ambo ya bahari. Pearce hasa aliyaona magofu haya kuwa ni athari za Waajemi na Waarabu waliohamia. Mwenyeji alikuwa mbebaji wa mawe, si mwenye fikra ya ukuta.

Kisha akaja hakimu wa kweli. Sir John Gray, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar, alitoa mwaka 1954, katika jarida la Tanganyika Notes and Records, makala ndefu juu ya Wadebuli na Wadiba, watu ambao masimulizi ya pwani yanawataja kuwa walikuja kwa vyombo zamani, wakajenga, wakatawala kwa mkono mzito, wakatoweka. Wadebuli wengine huwanasibisha na Daybul ya Sindi, wengine na Dabhol ya pwani ya magharibi ya Bara Hindi. Wadiba huhusishwa na visiwa vya Maldivi, ambavyo Waarabu waliviita kwa jina lililo karibu na hilo, na ambavyo Ibn Battuta alivifahamu vizuri kwa kuwa aliwahi kuwa kadhi huko. Na Mkama Ndume, katika masimulizi mengi ya Pemba, huitwa Mdiba. Hapo pana utamu kwa wapendao nasaba, kwa sababu dhana hii, tofauti na ile ya Pearce, haikutoka kwa Mwingereza. Iko vinywani mwa Wapemba wenyewe.

Mimi, pamoja na heshima yangu kwa wazee, siipokei. Sikatai kwamba watu wa Maldivi walifika Pemba. Pepo za kaskazi haziulizi cheti, na bahari hii imeleta watu kutoka kila pembe. Ninalolikataa ni lile linalofichika ndani ya dhana hiyo, nalo ni faraja ya kusema kwamba aliyetudhulumu hakuwa wetu. Nchi nyingi huwafanya majabari wao kuwa wageni baada ya kufa, hasa wale waliozaliwa mtaa wa pili.

Ushahidi wa ardhi ulikuja mwishoni. Katika miaka ya 1990, Adria LaViolette wa Chuo Kikuu cha Virginia, pamoja na wenzake na wenyeji wa Pemba, alichimba Pujini kwa utaratibu, tabaka baada ya tabaka. Yaliyotoka yalikata baadhi ya dhana mara moja. Boma ni la karne ya 15. Basi wale waliompa Mkama Ndume asili ya Kireno wamepoteza kesi, kwa kuwa Vasco da Gama hakuonekana pwani hii mpaka mwaka 1498. Vyungu vya kupikia ni vya kienyeji, vya udongo na mkono wa pwani hii, na vyombo vya thamani kutoka ng'ambo ni vya namna ile ile iliyokuwa ikipatikana katika miji mingine ya Waswahili. Hakuna hapo taifa geni lililoshuka na vyungu vyake. Kilichopo kigeni ni umbo la mahali penyewe: boma la udongo na mawe linalozunguka makao yaliyojitenga, wakati ambapo miji mingine ya kisiwa ilikuwa wazi, nyumba na msikiti na makaburi vikitazamana, na kila tajiri akimchunga tajiri mwenziwe asizidi mno.

Na kile chumba cha chini ya ardhi kipo. Si uongo wa wazee. Mtu huteremka kwa ngazi mpaka penye ukuta uliopakwa lipu, na katika lipu hiyo pamefinyangwa sura ya siwa. Nataka msomaji atulie kidogo hapa, maana hiki ndicho kitu kimoja katika Pujini ambacho Mkama Ndume mwenyewe, au fundi aliyemwamuru, alikisema kwa kauli yake bila ya kupitia kwa mahasimu wake. Siwa ni baragumu kubwa lipulizwalo kwa ubavu, na katika pwani ya Waswahili haikupulizwa ovyo: ilipulizwa katika kutawazwa kwa wakubwa na katika arusi na sherehe za wenye nasaba, na mwenye kuimiliki siwa ndiye mwenye haki ya mji. Siwa ya Pate ya pembe za ndovu na ile ya Lamu ya shaba zimehifadhiwa katika makumbusho ya Lamu, na anayeziona hahitaji kuelezwa kwamba hizi zilikuwa ni dola zenyewe, si ala za muziki. Sasa, Mdiba aliyetoka Maldivi angetaka siwa ya nini? Mnyang'anyi wa baharini, kama wengine walivyomdhania, angeichora ukutani kwa kumtisha nani? Aliyeiweka siwa mahali pa ibada au pa siri, chini ya ardhi, alitaka kujihakikishia jambo ambalo pengine juu ya ardhi lilikuwa likibishaniwa, kwamba yeye ni mfalme kwa kaida za pwani hii hii. Mgeni hutaka atiiwe. Mwenyeji hutaka akubaliwe kuwa ana haki.

Tuje kwenye ubaya wake, maana hata akiwa mwenyeji haondoki na hatia. Hapa nataka kumwita shahidi kutoka Kilwa. Al-Hasan bin Sulaiman, sultani wa Kilwa katika karne ya 14, alijenga Husuni Kubwa juu ya jabali linalotazama bahari, jengo kubwa kuliko lolote la zama zake katika pwani hii, lenye nyua, vyumba vingi na birika la kuogea lenye pembe nane, nalo halikukamilika. Mawe ya Husuni Kubwa hayakupanda jabali kwa miguu yake. Lakini mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Kilwa, akamkuta sultani huyo mkarimu kwa masharifu na mafakiri, akaandika kwamba aliitwa Abu al-Mawahib, baba wa vipaji. Na tangu siku hiyo hakuna aliyeuliza waliobeba mawe walikuwa wakienda kwa mkao gani. Pujini hakufika Ibn Battuta. Hakufika mgeni wa kukirimiwa, akala, akashiba, akaandika. Walioshuhudia walikuwa wabebaji tu, na wabebaji wakawasimulia watoto wao yale yaliyowauma.

Atokee mtu aseme kwamba masimulizi ya kusota ni ya kutiwa chumvi. Nakubali, sidhani kwamba ukuta wa namna ile unaweza kuinuka kwa watu wanaokwenda kwa makalio. Katika Unguja vilevile, kasri ya Dunga ya Mwinyi Mkuu, yaani mtawala wa jadi wa Unguja, Muhammad bin Ahmed, iliyojengwa katikati ya karne ya 19, husimuliwa kwamba watumwa walichinjwa katika ujenzi wake ili damu yao iimarishe majengo, na Mwinyi Mkuu huyo alifariki mwaka 1865, zama ambazo baadhi ya waliosimulia waliwahi kuwaona waliomwona. Kumbe kila jengo kubwa la pwani hii lina hadithi yake ya mateso, isipokuwa lile lililobahatika kupata mgeni msomi. Nami nahoji kwamba chumvi ile imetiwa juu ya kitu kilichokuwapo. Mtu aliyefanyishwa kazi bila ya ujira, hana wa kumshitakia, hachagui mfano wa kusota kwa kuwa ameuona. Huuchagua kwa kuwa ndivyo alivyojihisi.

Juu ya Haruni nitapita haraka, ingawa wako wanaomwona kuwa mkali kuliko baba. Masimulizi humfanya mwana wa Mkama Ndume na kumpa mji wa Chwaka, kaskazini karibu na Tumbe, ambako magofu ya msikiti na makaburi yamechukua jina lake. Wachimbuaji wameonyesha kwamba Chwaka ulikuwa mji tangu karne ya 11, na kabla yake Tumbe ilikaliwa tangu karne ya 7. Basi Haruni, kama aliishi zama za mwana wa mtu wa karne ya 15, alirithi mji mkongwe, hakuuanzisha. Hata hivyo naona hekima katika kumfanya mwana. Waliosimulia walikuwa na mabwana wawili wa kuwakumbuka, mmoja kusini na mmoja kaskazini, wakawaunganisha kwa damu ili udhalimu uwe na ukoo mmoja na kisiwa kisilaumiwe mara mbili.

Basi mimi, kwa kuwa kila Mpemba ana haki ya kuhukumu katika daawa hii, nahukumu hivi. Mkama Ndume alikuwa mfalme wa Kiswahili, mtu wa pwani hii, aliyetaka enzi ya peke yake katika nchi iliyozoea kuigawa enzi miongoni mwa wakubwa wengi. Hana hatia ya ugeni wala ya uharamia. Anayo hatia ya kuwatumikisha watu wake kupita kiasi, na ushahidi juu ya hilo ni jina waliloliacha wenyewe. Katika shauri la kisima, natoa hukumu kwa yule mwanamke aliyesema kutoka ndani ya nyumba.

Anayetaka kukata rufaa na aende. Kutoka Chake Chake, baada ya kuipitia ngome kongwe ya mji ambayo sasa ni makumbusho, Pujini si safari ya nusu siku. Lakini boma ni la udongo, mvua za masika haziliachi, na miti imeshatia mizizi katika mawe. Na wazee wanaojua kisa cha ngazi na kamba kwa urefu wake wanapungua kila mwaka. Enyi walimu wa skuli za Pemba, wapeni wanafunzi wenu kazi moja: kila mmoja amwulize bibi au babu yake juu ya Mkama Ndume, aandike alivyoambiwa pasi na kusahihisha kitu, hata kama ya huyu yanapingana na ya yule, na madaftari hayo yawekwe pamoja mahali penye kufuli.